Fundi wa kupunguza nguo Mwanjelwa: nimepungua kilo 26 na huyu mama ndo kaniweka sawa

Naandika hii kwa mtu aliyepungua mwili, yuko hapa Mbeya na hajui afanye nini na nguo zake. Usizigawe kwanza, na usimpelekee fundi yeyote tu unayemkuta njiani. Kuna mama mmoja ana kibanda Mwanjelwa kwenye ile mistari ya mafundi cherehani, ukishuka Kabwe unatembea kidogo tu, mbele ana cherehani nyeusi ya miguu na nyuma ametundika magauni ya watu kwenye kamba, mpaka leo nimeshampelekea nguo 19 na hakuna hata moja niliyoijutia. Jina na namba yake siweki kwa sababu sijamuomba ruhusa, we ukifika waulize mafundi yule mama wa kupunguza ni yupi, watakuonyesha bila shida.

Nianze na mwili wenyewe maana bila hivyo hamtaelewa kwanini namsifia fundi hivi. Nilikuwa na kilo 96, mimi si mrefu, presha ilipanda mpaka nikaanzishiwa dawa na daktari akaniambia mama hizi kilo lazima tuzifanyie kazi. Nikaacha soda, nikaacha chapati mbili za asubuhi na chips za jioni, wali nikabakiza kidogo (na sisi wa huku mchele wa Kyela unaujua ukichemka jirani yuko nyumba ya tatu ananusa, kwahiyo hilo halikuwa jambo dogo), mboga nyingi na maharage, na asubuhi natembea kwa miguu kutoka Ilomba mpaka Kabwe ndo napanda gari ya kazini. Miezi 16. Sasa nina kilo 70. Basi hayo ndo maelezo yote, hakuna dawa niliyokunywa ya kupunguza wala chai ya sijui nini.

Ila hakuna aliyeniambia kwamba mwili ukipungua vitu vingine vyote vinahama navyo. Mi nilijua nguo tu. Na kwenye nguo zenyewe nilianza vibaya, nilichukua suruali yangu nyeusi ya ofisini na sketi mbili nikampa fundi mmoja huko mtaani kwetu, simtaji, nikamwambia punguza kiuno. Suruali ikarudi mifuko ya nyuma imesogeleana mpaka imekaribia kugusana pale katikati, kwa sababu yeye alikamata mshono wa nyuma peke yake akabana inchi zote pale, na kilichoniuma zaidi akakata kabisa kitambaa cha ndani akatupa, kwahiyo hata fundi mwingine asingeweza kuirudisha. Ile suruali niliinunua kwa hela yangu ya likizo. Sketi nazo zikawa zimepinda, pindo upande mmoja liko juu upande mwingine liko chini. Nikaacha, nikawa navaa nguo kubwa na mkanda juu, miezi mitatu nzima natembea kama mtu aliyevaa gunia na moyoni nina furaha ya kupungua lakini kwenye kioo siioni.

Dada mmoja wa kazini ndo akaniambia mbona yule mama aliyetushonea sare ya kitchen party yupo bado, nenda kwake. Nikaenda Jumamosi. Nikamsalimia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akaniangalia, hakusema chochote kuhusu mwili wangu. Akaingiza mkono chini ya meza akatoa daftari, yale ya kaunta yenye jalada gumu, limechakaa pembeni, akauliza ile sare mlishona mwaka gani, nikamwambia 2019, akafungua akapitisha kidole taratibu mpaka akanikuta. Vipimo vyangu vipo! Kifua 46, kiuno 44, hipsi 50, mkono juu 16. Ameandika kwa peni ya bluu na pembeni kaweka jina langu na neno 'haraka' maana kumbuka kitchen party zilivyo.

Akachukua futi akaanza kunipima upya, anapima huku anataja kwa sauti ndogo na anaandika ukurasa mwingine, kifua 39, kiuno 35, hipsi 42, mkono 13. Ule ukurasa wa zamani hakuukata mstari wala nini, aliandika tarehe ya siku hiyo kwenye huu mpya akaacha kurasa zote mbili. Nilisimama pale naangalia 44 na 35 zimeandikwa na mkono uleule nikahisi machozi yananilenga. Mizani nilikuwa napanda kila wiki, lakini mizani ni namba inayowaka halafu inazima. Lile daftari lilikuwa ni shahidi. Yaani mtu mwingine kabisa, ambaye hapati faida yoyote, aliniandika nilivyokuwa na akaniandika nilivyo.

Sasa kazi yake. Cha kwanza alikataa kupokea nguo zote. Nilikuwa nimebeba mfuko mzima, akauliza mwili umetulia au bado unashuka, nikamwambia bado unashuka kidogo, akasema basi niachie tatu za kuvaa kazini tu, suti na magauni ya gharama yarudishe nyumbani, kilo zikikaa pale pale miezi mitatu ndo uniletee. Fikiria fundi anayekataa hela. Na alikuwa sawa, kwa sababu baada ya hapo nilipungua tena kilo 5, ile suti ingekatwa mara mbili.

Cha pili hakati kitambaa. Anafumua mshono kwa wembe taratibu, anabana, anashona, halafu kile kilichozidi anakikunja ndani anakipiga pasi kinalala, akakipiga ovaloki kisichanike. Nikamuuliza kwanini asikate ipendeze kwa ndani, akanijibu mwanangu mwili wa mwanamke unakwenda na kurudi, kuna kuzaa, kuna kuugua, kuna raha, kitambaa kikishakatwa hakirudi. Kwenye sketi anapunguza pande zote mbili sawa kwa sawa na zipu anaihamisha, haibani upande mmoja. Kwenye suruali anafumua mkanda wote wa kiuno na anagawa zile inchi, nyuma kidogo na pembeni kidogo, kwahiyo mifuko inabaki mahali pake. Ile suruali yangu iliyoharibiwa aliishika akaigeuzageuza akasema pole, hapa siwezi kukudanganya. Nikamheshimu zaidi.

Blauzi na koti ndo kazi ngumu na hapa ndo utajua fundi ni nani. Ukipungua, mabega ya nguo yanashuka, mshono wa bega unakaa kwenye mkono, unaonekana kama mtoto aliyevaa nguo ya babake hata kama kiuno kimebanwa vizuri. Fundi wengi wanabana mbavuni wanaacha bega. Huyu mama anang'oa mkono mzima, anapunguza bega, anaurudisha mkono. Koti langu la kijivu lilimchukua wiki nzima lakini likarudi kama limeshonwa na mwili wangu mpya ukiwa umesimama mbele yake.

Na hapo kwenye koti nikajifunza kitu kingine. Baridi! Mimi ni mzaliwa wa hapa, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai nimeziona toka nazaliwa, na nilikuwa yule mtu wa kufungua dirisha ofisini wenzangu wamejikunyata na masweta. Mwaka jana Juni nilidhani naumwa. Vidole vinakufa ganzi, nalala na blanketi mbili na soksi, asubuhi kwenye bajaji upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Nilipoenda kliniki nikaeleza, daktari akaniambia ni kawaida, mafuta ya mwilini yalikuwa ni kama blanketi na umelivua, na mwili mdogo unaokula kidogo nao unazalisha joto kidogo kuliko ule mkubwa. Mama fundi alivyoniona natetemeka pale kibandani akasema hili koti tuliwekee bitana nzito, akanionyesha kipande cha kitambaa cha manyoyamanyoya laini kwa ndani alichotoa kwenye jaketi la mtumba, akakiweka. Sikuwa nimemwomba. Aliongeza Sh 4,000 tu kwenye bei. Jamani hilo koti ndo nalivaa mpaka sasa naandika hapa.

Pete nayo. Pete yangu ya ndoa ilikuwa haivuki kifundo cha kidole, miaka minane sijaivua, hata kwa sabuni haitoki. Siku moja naosha mchele, namwaga maji nasikia 'ting' kwenye sinki, naangalia mkono mtupu. Bahati iligota pale kwenye tundu. Nilikaa chini jikoni moyo unanidunda. Kesho yake nilikuwa napitia nguo zangu kwa mama nikamsimulia, akaniambia leta hiyo pete, akachukua uzi mweusi wa nailoni, akaanza kuuzungusha upande wa chini wa pete, ule unaokaa kiganjani, taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, zimelala kama alivyopanga mtu, mwisho akafunga fundo akaliunguza kidogo na kiberiti ili lisifumuke. Ikakaa. Kwa juu huoni kitu, ni dhahabu tu. Akasema hii itakusogeza mpaka ukapate hela ya sonara, na ule uzi usikae muda mrefu maana unabeba maji na uchafu kidole kitawasha. Nimekaa nayo miezi miwili ndo nikaenda kwa sonara kuikata. Hiyo ya uzi hakunitoza hata mia.

Viatu vilinishangaza kuliko vyote. Nilikuwa navaa 41, sasa 40 na kuna vingine vya 39 vinanikaa. Mtu unawaza mguu nao una mafuta? Kumbe unayo, na kuvimba kule kwa jioni nako kuliisha. Hapo fundi hana msaada, nilirudi kwenye viatu vya mtumba nikaanza upya.

Kitu ambacho sikutegemea hata kidogo ni makalio. Samahanini lakini ndo ukweli na mtu akipungua ataufikia. Kanisani kwetu mabenchi ni mbao tupu, ibada ya masaa matatu, zamani nakaa mpaka mwisho sina habari, sasa nusu saa tu mifupa inagonga mbao, nahama upande huu nahama upande ule, mahubiri siyasikii. Nikamwambia mama kwa aibu kidogo. Hakucheka. Alisema anao wateja watatu wamemwambia hivyohivyo. Akachukua vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye kazi za watu akaunga kimoja kimoja akashona kimto kidogo cha mraba, ndani akajaza mabaki ya vitambaa aliyokatakata, akakiwekea kamba ya kubebea kama mkoba. Sh 2,500. Sasa hivi kanisani kwetu nimehesabu vimto kama hicho vinafika saba na wengine wanaovibeba ni wazee waliokuwa wanateseka kimya miaka yote.

Kwenye daladala nako kumebadilika, na hii nisimulie maana inanigusa. Zamani nikipanda, siti ya pembeni yangu ilikuwa inajaa mwisho. Watu wanaingia, wanaangalia, wanaenda nyuma. Hakuna aliyenitukana, lakini unaona. Na konda alikuwa ananiita mama, sogea mama, ingia kwa ndani mama. Sasa naitwa dada! Siku ya kwanza konda wa gari ya Uyole kasema dada ongeza mguu nikageuka kuangalia anamwambia nani. Pale sokoni vijana wa nyanya nao dada karibu, dada chukua fungu. Nina miaka 43 nina watoto watatu. Ilinifurahisha lakini pia ilinifikirisha, maana nilikuwa mtu yuleyule nina adabu ileile, kilichopungua ni kilo, na watu wamebadilisha mpaka jina. Na hasara yake sasa ni kwamba kwenye siti ya watu watatu konda anatuweka wanne, akiniona mimi anasema pale pana nafasi.

Halafu kuna lile swali. Unaumwa? Watu wa Nyanda za Juu Kusini mnalijua hili swali na mnajua linamaanisha nini. Sisi tumezika sana. Utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ulionyesha Njombe watu 14.8 kwa kila 100 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya UKIMWI wakati nchi nzima ilikuwa 5.1, na sisi Mbeya na Iringa tulikuwa kwenye 9 huko. Sisi tuliokua miaka ya tisini tulimwona mjomba anapungua, shangazi anapungua, jirani anapungua, halafu msiba. Kwahiyo mtu akikuona umepungua macho yake yanaenda moja kwa moja kule, hata kama siku hizi dawa zipo na watu wanaotumia wananawiri na wanafanya kazi zao vizuri kabisa. Mi nilipigiwa simu na dada yangu kutoka Tukuyu analia, kuna mtu amemwambia mdogo wako kaisha, nenda kamuone. Mama mkwe alileta ndizi na maziwa ya mgando akakaa siku tatu ananiangalia nikila. Kazini mtu aliniuliza shemeji anakutesa? Hao wote wananipenda, ndo maana inauma, kwa sababu kila siku unajieleza. Unataka kufurahi na kila mtu anakupa pole.

Ndo nikaelewa kwanini siku ile ya kwanza nilimpenda yule mama ghafla. Hakuniuliza. Mara ya nne au ya tano hivi mimi mwenyewe nikamwambia, mama siumwi, nimepunguza kwa ajili ya presha. Akajibu akiwa anatunga uzi kwenye sindano, wala hakuinua macho, 'Najua mwanangu. Anayeumwa haleti nguo kupunguza, anaficha.' Akaniambia ameshona nguo za watu zaidi ya miaka thelathini, anajua mwili unaokimbia na mwili unaotembea. Nilimshukuru kwa Kinyakyusa chetu, ndaga fijo mama, na nilimaanisha.

Ngoja nigusie haraka mengine ambayo si ya fundi lakini mtu anayepungua ayajue. Nywele, miezi mitatu ya mwanzo nilishuka kilo 11, ukafika mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka kwenye kitana kwa mafungu, nikaogopa sana, nikaambiwa mwili ukishtuka na kupungua haraka nywele zinaachia baadaye na huwa zinarudi, na kweli zimerudi, nilizipumzisha kusuka nikaongeza mayai, dagaa na maharage. Dawa ya presha, nilianza kupata kizunguzungu nikisimama, kumbe presha imeshuka na dozi ni ileile ya zamani, daktari akaipunguza. Usiache dawa mwenyewe hata ukijisikia mzima, nenda wapime wao waamue. Kukoroma kumeisha, mume wangu anasema wiki za mwanzo alikuwa anaamka usiku anasogeza mkono puani kwangu kuhakikisha napumua kwa ule ukimya.

Na magoti. Wataalamu wanasema kila kilo unayopunguza, goti linapumzishwa kama kilo 4 kwa kila hatua, sasa piga hesabu yangu ya kilo 26 ni zaidi ya 100 kila nikinyanyua mguu. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu. Zamani nilikuwa napumzika kwenye kila kona ya ngazi najifanya naongea na simu. Sasa nafika nasalimia. Jioni moja mwanangu wa mwisho alinikumbatia mikono yake ikakutana mgongoni kwangu, akanyamaza, halafu akasema mama nimekuzunguka. Ana miaka saba. Hilo siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo.

Turudi kwa mama wa Mwanjelwa, kuna na hili la kitambaa. Kitenge cha yadi 6 zamani kilikuwa kinaishia kwenye gauni langu moja refu, na kilemba cha kubana. Sasa gauni linatoka kwenye yadi 4 na mama aliniambia hii iliyobaki usiniachie mimi, nikushonee sketi ya binti. Akashona. Mimi na binti yangu tulienda harusini tumefanana na kitambaa ni kilekile kimoja. Kuna mafundi kitambaa kikibaki hukioni tena, huyu anakukunjia anakuwekea kwenye mfuko hata kama ni cha kufunikia kikapu.

Mikono kwa juu ngozi yangu imelegea, hili halijaisha na sijui kama litaisha lote, kwahiyo nguo za mikono mifupi kabisa sivai, ananishonea inayofika kwenye kiwiko na inayoachia kidogo isigande. Sikumwelekeza, aliona mwenyewe wakati ananipima nilivyobana mikono.

Sasa mapungufu, maana nataka uende ukijua. Hana kioo kirefu, ana kile kidogo cha kuninginiza, kwahiyo unajiona kifua tu, chini unauliza watu. Sehemu ya kubadilishia nguo ni kona na kanga imefungwa kwenye misumari miwili, upepo ukija unashika mwenyewe, na kwa sisi ambao tulishakuwa na aibu na miili yetu pale panatisha mwanzoni, mi nilienda na rafiki akanishikia. Siku za ahadi hazishiki vizuri. Akisema Alhamisi hesabu Jumamosi, na Desemba na kipindi cha kipaimara usijaribu kabisa kwa sababu sare za watu zinamlemea, niliwahi kufuata nguo mara tatu haijaguswa na nilikasirika nikamwambia, akaomba radhi akaimaliza nimekaa pale pale. Risiti hana, anaandika kwenye lile daftari na wewe piga picha ukurasa wako. Na akishaanza kazi anaongea kidogo, kama unapenda stori utaona kama amekununia, hajanuna, yuko kazini.

Bei nilizolipa mimi: sketi kupunguza 3,000, suruali 4,000 kwa sababu ya kufumua mkanda, gauni la kawaida 5,000, gauni lenye bitana 7,000, koti lenye kung'oa mikono 12,000 bila ile bitana nzito. Zipu ni juu yako au anakununulia anakuonyesha. Kuna mafundi watakufanyia sketi kwa 1,500, mimi nimeshaona hiyo 1,500 iligeuka kuwa nini.

Ukienda vaa sidiria ile utakayovaa na nguo hiyo, na viatu vyake, maana pindo linabadilika sketi ikishapunguzwa hipsi. Nenda asubuhi kabla ya saa nne, mchana pale pana kelele na hakupimi kwa utulivu. Mwambie ukweli kama mwili bado unashuka. Na usimpelekee nguo zote siku moja.

Nampa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu ni kioo na ile kanga. Juzi nimemwachia ile suti aliyonikatalia mwaka jana, kilo zangu zimekaa hapo hapo kwenye 70 mwezi wa nne sasa. Alinipima tena akaandika ukurasa wa tatu, akatingisha kichwa akasema sasa tunaweza. Kasema niifuate Alhamisi, nitaenda Jumamosi.